Picha Juu ya Kapo ya Mama Ngalula

Ninyi mliobaki garajini mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimekubali, ila vyeo sitavitaja. Katika garaji ya kupaka magari rangi kuna vyeo viwili tu: anayeshika pistole ya kupulizia na anayemshikia mpira wa hewa. Mimi nilishika vyote viwili, mara nyingine siku ileile. Nimeacha kazi kwa sababu macho yangu hayatofautishi tena nyeupe na nyeupe. Kwa mtu wa kawaida huo si ugonjwa. Kwetu mnajua kuna nyeupe ya maziwa, nyeupe ya chaki, nyeupe ya jino na nyeupe ya ambulansi, na mwenye gari la maziwa ukimpa mlango wa jino utamsikia mpaka Makomeno.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na mitano. Baba, mtu wa reli, alikuwa ametangulia. Mama akamfuata kabla hatujavua nguo za matanga. Tulibaki watano pale Katuba, mimi wa kwanza. Wajomba walikaa kikao kutugawana kama sahani baada ya arusi: huyu aende Kamina, huyu Likasi, hawa wawili tutaona. Nikasema hakuna anayekwenda. Wakaniuliza tutakula nini. Kesho yake sikwenda shule. Nilikwenda mtaa wa jirani unaoitwa Kenya, kwenye garaji ya Papa Kalenga, aliyekuwa akiimba kwaya moja na Baba.

“Mado, unajua kusoma?” akaniuliza.

“Najua, Papa.”

“Muzuri. Utabandika magazeti.”

Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza, kufunika vioo na taa kwa magazeti ili rangi isipite. Watu walidhani ananihurumia kwa kunipa kazi nyepesi. Kumbe alikuwa na sababu. Aliyebandika kabla yangu hakujua kusoma, akambandika mheshimiwa mmoja kichwa chini miguu juu, kwenye kioo cha gari la mheshimiwa mwenyewe. Basi shule yangu ikaendelea kwenye vioo. Nimesoma habari nyingi kuliko walimu wengi, ila nusu nusu, kwa kuwa nusu nyingine ilikuwa imekunjiwa kwenye taa. Mpaka leo kuna mechi ambazo najua kipindi cha kwanza tu.

Papa Kalenga alinipa pistole mwaka wa tatu. “Mukono yako itembee kama mutu anaenda kanisa,” alisema. “Isikimbie, na isisimame kuamkia batu.” Mkono ukisimama, rangi inajaa mahali pamoja na kuteremka, hayo tunayaita machozi. Ukishika pistole mbali mno, rangi inakauka hewani na kuwa na vinundu kama ngozi ya chungwa. Ukifanya moja ya makosa hayo, Papa Kalenga hakupigi wala hakutukani. Anakusimamisha mbele ya gari na kukuambia: “Uliombe pardon.” Na unaliomba, kwa sauti, wateja wakisikia. Mimi nimeshaomba radhi kwa teksi tano, kwa basi la kwaya na kwa lori lililokuwa limebeba samaki wa chumvi. Lori lile lilichelewa kunisamehe. Harufu ilinifuata wiki nzima.

Alikuwa na sheria nyingine, na hiyo ishikeni vizuri. Vipande vilivyofunguliwa kwenye gari, yaani milango, mabawa ya juu ya magurudumu na kapo, kile kifuniko cha injini, tunavisimamisha ukutani. “Kipande ya muteja inaangalia batu,” alisema. “Kipande ya kufa inaangalia ukuta.” Cha mteja, uso nje. Cha mabaki, cha kujaribia rangi, uso ukutani. Jina la mwenyewe linaandikwa kwa chaki upande wa ndani, kwa usalama zaidi, lakini ukishaijua sheria huhitaji kusoma chaki. Papa Kalenga alipokufa, garaji ikawa ya mwanawe, patron Guylain, na mimi nikawa mlinzi wa sheria. Niliwafokea wengi kwa ajili ya ukuta ule. Wengine wenu mnakumbuka.

Miaka ikapita. Nitaifupisha, maana mtoto anayelelewa vizuri hana habari ndefu. Ferdinand, anayenifuata, akawa mwalimu. Astrid akawa muuguzi. Wawili wadogo wakajitegemea, mmoja kwa shida. Mimi nilibaki na rangi kwenye kucha, na sikuwahi kukosea kipande cha mtu.

Nilipofikisha miaka arobaini na sita, bati la majaribio lilianguka. Mnalijua: kabla ya kuelekeza pistole kwenye gari, unapuliza kwanza kwenye bati lililopo ukutani uone rangi inatoka sawa. Letu lilikuwa limepulizwa miaka mingi mpaka rangi ikafika unene wa kidole, msumari ukakataa. Patron akaniambia nilisugue lirudi kuwa bati. Nikachukua msasa na maji. Chini ya nyeusi ya gari la maiti ikatoka njano ya mabasi madogo. Chini ya njano buluu, chini ya buluu rangi ya machungwa ya lori la mgodi, duara ndani ya duara, kama jiwe la kijani la malakiti linapokatwa. Nikaacha kusugua. Nikajaribu pembeni kidogo, ikatoka sura nyingine. Mteja aliyengoja mlango wake akaja kusimama nyuma yangu.

“Mama,” akasema taratibu, “ile haiko gari yangu.”

Nikamwambia najua. Nikaendelea.

Jioni nilibeba bati lile nyumbani, nikalitundika sebuleni mahali pa kalenda. Jirani akaingia kuomba chumvi.

“Mado, ile njo nini?”

“Ni rangi.”

“Minaona iko rangi. Rangi ya nini?”

“Ya magari.”

“Na magari iko wapi?”

“Yalishaenda.”

Akaondoka bila chumvi.

Tangu hapo, kila Jumamosi, kazi ikifungwa saa nane mchana, nilibaki garajini. Nilichukua kapo moja ya kufa, niliyokuwa nimeipaka rangi ya kijivu ya chini, nikaanza kufanya yote niliyokatazwa. Nilisimamisha mkono mahali pamoja. Niliacha machozi yateremke, nikageuza kapo, yakateremka upande wa pili, yakakutana. Nilitengeneza ngozi ya chungwa kwa makusudi. Nilipuliza vumbi jekundu juu ya rangi mbichi. Nilikuwa na miaka thelathini ya makosa ambayo sikuyafanya, na yote yalikuwa yamekaa mkononi yakingoja. Mara ya kwanza, nakiri, niliiomba kapo pardon. Mara ya pili sikuomba.

Picha zilipofika nne sebuleni, wadogo zangu wakaja, wote wanne pamoja, Jumapili, na nguo za kanisa.

“Yaya,” Ferdinand akaanza, kwa lile jina letu la dada mkubwa, “tulikaa, tukaongea.”

“Mlikaa wapi?”

“Kwa Astrid.”

“Bila mimi?”

“Ilikuwa juu yako, Yaya.”

Wakaniuliza kama ninaota wazazi. Kama kuna mtu aliyenipa kitu nikala. Astrid alikuwa ameshanikamata mkono kana kwamba ananisalimia, kumbe anahesabu mapigo. Ferdinand, kwa ile sauti ya mbele ya ubao, akasema:

“Yaya, kama ni kuchora, chora kintu. Chora samaki. Chora Mama anatwanga.”

“Mama hakutwanga. Alinunua unga.”

“Sasa muchore ananunua unga!”

Tulibishana mpaka wali ukaiva. Uamuzi ukatoka: naruhusiwa kuendelea, ila si kutundika mahali tunapopokea watu wa posa, maana mdogo wetu wa mwisho alikuwa anatafuta mke na hatukutaka waone familia ina kitu. Nikahamishia picha jikoni. Mwezi mmoja baadaye Ferdinand akarudi peke yake, amebeba habari. Kitu kile kina jina, wanakiita abstrait, picha isiyo na samaki wala mtu, kuna watu wakubwa wanakifanya na wamo vitabuni. “Kumbe hauko mugonjwa, Yaya,” akasema, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetoka hospitali na matokeo mazuri. Kisha akazitazama zote kwa mpangilio, kama anasahihisha madaftari, akasema ya tatu ndiyo nzuri. Ilikuwa ya tatu kweli.

Patron Guylain hakujali jina. “Yaya Mado,” aliniambia, “Jumamosi ni yako, rangi ya kubakia ni yako. Lakini siku ile michoro yako itaingia ku gari ya muteja, mie na weye tunaachana. Hata kama Papa wangu njo alikuleta.” Nikamjibu kwamba tangu siku za baba yake sijakosea kipande. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyoniponza.

Sasa Mama Ngalula. Aliuza vitenge soko la Kenya, na alikuwa na gari jeupe ambalo nguzo ya kibanda iliangukia kapo yake. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na gari lilikuwa la kumpeleka bibi arusi kanisani. Tuliinyoosha kapo, tukaijaza mastiki penye mabonde, nikaipaka kijivu cha chini, nikaandika jina kwa chaki, nikaisimamisha ukutani uso nje. Ingengoja hapo wiki nzima hadi gari lenyewe litakapokuwa tayari. Mama Ngalula alikuja kuitembelea kila siku, asubuhi na mchana, akiwa na maelezo.

Ijumaa ya kwanza mvua ilinyesha, na ninyi mnalijua paa letu. Kabwe, fundi mwenzangu, akaona matone yanadondokea kijivu kibichi. Akaigeuza kapo, uso ukutani, isiharibike. Wema mtupu. Jua lilipotoka akasahau kuirudisha, na Mama Ngalula akaendelea kutembelea mgongo wake bila kujua.

Kesho yake, Jumamosi saa nane, nikachukua kapo ya kwanza iliyoangalia ukuta. Ilikuwa ya kijivu, kama ninavyozipaka zangu. Ningeulizwa, ningeitambua kapo ya gari lile kwa kuipapasa tu. Sikuulizwa. Na chaki sikuisoma, maana mtu anayeijua sheria hahitaji kusoma chaki.

Siku ile, jamani. Nimechora kabla ya hapo na nimechora baada yake, lakini siku ile mkono haukuniuliza kitu. Nilianza na nyekundu ya udongo wetu, nikaifunika kijani cha shaba iliyoota kutu, juu yake nyeupe nyembamba kama ukungu wa asubuhi za Juni. Machozi yaliteremka hadi katikati yakasimama yenyewe, kama watu waliofika mtoni. Kisha nikasugua taratibu pale chini, na nyekundu ikachungulia. Nilikaa juu ya ndoo nikaitazama mpaka chai ikapoa. Nikairudisha ukutani, uso ndani, kwa utaratibu.

Ijumaa iliyofuata, asubuhi, patron alikuwa amekwenda Kasumbalesa kuchukua rangi. Gari la Mama Ngalula lilikuwa jeupe tayari, ilibaki kapo.

“Iko wapi?” nikauliza.

“Pale,” akasema Kabwe. “Niliigeuza siku ya mvua.”

Nikaisogelea. Upande wa ndani chaki ilisema NGALULA, kwa mwandiko wangu mimi, na nilipoigeuza ikatokea picha yangu ya Jumamosi. Kabwe akatazama picha, akachungulia tena chaki nyuma yake, akanitazama. Akavua kofia.

“Yaya,” akasema, “pole sana.”

Kabla hajamaliza kuivaa tena, Mama Ngalula akaingia, ziara ya kwanza ya siku. Sikuwahi kuificha kapo. Ningeifichia wapi, ni kubwa kama meza.

“Ile njo ya nani?” akauliza.

“Ni yako, Mama.”

Alishusha mfuko wake chini, na kabla haujafika nilikuwa nimeshapoteza kazi mara tatu kichwani.

“Mutoto wangu anaolewa kesho,” akasema, na sauti ikaanza kupanda, “na weye unanifanyia kapo kama kitenge! Bakwe batasema nini? Batasema balimukuta ku mapori! Guylain eko wapi? Guylain!”

“Yuko Kasumbalesa. Atarudi mchana.”

“Atanikuta hapa!”

Nikamwambia ukweli wote: Jumamosi, ukuta, mvua, chaki. Nikamwambia kosa si la Kabwe, ni langu niliyeacha kusoma. Nikamwambia pia patron alichoniahidi, si kwa kumwomba, ila ajue kwamba akitaka niadhibiwe hahitaji kusumbuka, imeshapangwa. Wakati nikisema, yeye hakuniangalia. Alikuwa amesogea karibu na kapo. Akarudi nyuma hatua nne, kama wanavyofanya wateja wake sokoni. Akainamisha kichwa. Akagusa pembe kwa vidole viwili, ule ugusaji wa kupima pamba.

“Ile nyekundu ya kule chini,” akasema. “Uliiweka ya mwisho?”

“Ya kwanza. Nilisugua ikarudi.”

“Ah bon.” Akainama. “Kwenye vitenge hatuipate namna ile. Banaiweka juu, inaonekana imewekwa.” Akainuka. “Iko muzuri. Lakini haiwezi kuingia kanisa.”

“Haiwezi, Mama.”

“Toa.”

Hapa nisikilizeni kama wafanyakazi. Kulikuwa na njia fupi. Ningeipitisha msasa juu juu, nikapiga kijivu, nikapiga nyeupe, na picha yangu ingeishi chini yake, ikizunguka mjini. Niliwaza hivyo. Lakini machozi yana unene, na jua la saa saba kwenye kapo nyeupe huonyesha kila mstari. Bibi arusi angefika kanisani na kapo yenye mishipa. Kwa hiyo ilikuwa kuisugua yote mpaka kijivu, na mkono wa kusugua ni huu uliochora. Kabwe alijitolea. Nikamkatalia.

Mama Ngalula alivuta ndoo, ileile niliyokalia, akakaa anisimamie. Nikamwaga maji, nikaanza pembe ya juu. Ukungu ukaondoka, kijani kikabaki peke yake, kipana.

“Simama!” akasema.

Nikasimama.

“Angalia pale.”

Nikarudi nyuma tukaangalia wote. Kijani kilikuwa kimeshikana na nyekundu kwa namna ambayo mimi sikuipanga. Tukakaa nacho kidogo.

“Haya, toa,” akasema.

Nikasugua. Baada ya muda: “Simama!” Sasa yalikuwa yamebaki machozi mawili tu na doa. Tukaangalia. “Toa.” Hivyo hivyo asubuhi yote. Nadhani zilipita picha kumi na mbili juu ya kapo ile, kila moja ikidumu kama pumzi mbili, halafu maji mekundu yakateremka kwenye mfereji. Kabwe alikuja mara moja kuuliza kama tunahitaji msaada. Mama Ngalula alimfukuza asituzibie mwanga. Ya mwisho ilikuwa kipande cha nyekundu ukubwa wa kiganja katikati ya kijivu kitupu. Kwa ile hakusema toa. Alisema, “Ngoja kwanza,” na tukangoja, na mwishowe mimi ndiye niliyesugua bila kuambiwa, maana saa zilikuwa zinakwenda.

Patron alirudi saa tisa akakuta kapo bado kijivu na mteja juu ya ndoo.

“Yaya Mado, ile kapo bado? Juu ya nini?”

Nikafungua mdomo niseme. Mama Ngalula akawahi.

“Mie njo nilisema batoe, barudilie. Ile ya kwanza sikuitaka.”

“Ilikuwa na nini, Mama?”

“Ilikuwa na maneno mingi.”

Patron alinitazama. Alitazama maji mekundu kwenye mfereji, na kijani kwenye kucha zangu. Papa Kalenga hakuzaa mjinga. Akafungua kopo la nyeupe, akalikoroga mwenyewe, akaniletea. “Iko saa mbili ya jua imebaki,” akasema. Hakuitaja siku ile wala baadaye. Nilipuliza mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, na mkono wangu ulitembea kama mtu anayekwenda kanisani, kwa kuwa safari hii kapo yenyewe kweli ilikuwa inakwenda.

Jumamosi Mama Ngalula alinialika arusini, nadhani apate mtu wa kumkamata kama rangi ingepasuka. Gari lilisimama mbele ya kanisa na maua na utepe. Kapo ilikuwa nyeupe, tupu, laini kama hostia ya padri. Watu walimpigia bibi arusi vigelegele wakaingia ndani naye. Nikabaki mbele ya gari, na nikaona mama yake naye amebaki. Alikuwa akitazama upande wa chini, kushoto kidogo, mahali ilipokuwa nyekundu, na mimi nikatazama hapohapo.

Mjomba wa bwana arusi, mzee wa suti ya buluu, alituona wanawake wawili tumesimama kimya tunaikazia macho kapo ya gari lao. Akaja haraka. Akainama, akatafuta. Akatoa kitambaa mfukoni, akapangusa mahali tulipokuwa tunatazama, akapangusa tena kwa nguvu zaidi, akarudi nyuma kuhakikisha.

“Sasa imetoka,” akasema.